Shangazi Ndani ya Kochi

Mtaa mzima ulimwita Bwana Sponji, na mwenyewe hakuwa na kinyongo na jina hilo. Mtu anayeshinda kutwa ameinamia makochi ya watu, anabandua sponji iliyochoka na kubandika mpya, atalalamikia nini? Vumbi la sponji lilimkaa nyusini, masikioni, hata kwenye kola ya shati lake la kutokea. Mkewe, ambaye cherehani yake ilikuwa mlangoni mwa karakana hiyo hiyo na kazi yake ilikuwa kushona vifuniko vya mito, alizoea kumpukuta mgongoni kabla ya kumruhusu kuingia ndani kula.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukifungua mlango wa nyuma wa karakana unaingia sebuleni. Juu ya mlango wa mbele palikuwa na ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: MAKOCHI SAFI. PANYA NA KUNGUNI MARUFUKU. Ubao huo ndio uliomjengea jina. Wapo mafundi wanaovisha kitambaa kipya juu ya uchafu wa zamani, wakamrudishia mtu kochi lake pamoja na wapangaji. Bwana Sponji hakuwa wa hivyo. Alilivua kochi mpaka likabaki mbao na springi, akalipiga brashi, akalianika juani, ndipo akaanza kulivisha upya. "Kochi likitoka kwangu," alipenda kusema, "anayelikalia ni mwenye nyumba tu."

Sasa kaa vizuri usikie. Mtu huyo huyo, mwenye ubao huo huo, alikuwa anafuga panya.

Wala hakukusudia. Mambo yalianza siku Mkunga alipoleta kiti chake. Mkunga alikuwa amestaafu, akiishi mtaa wa pili, na nusu ya watu waliomsalimia njiani ni yeye aliyewapokea duniani, wakiwemo watoto wote wa Bwana Sponji. Hakuogopa damu, hakuogopa giza, hakuogopa madaktari. Aliogopa panya. Kiti kililetwa kwa mkokoteni, na yeye mwenyewe alikuja nyuma kwa mbali, leso puani, akisema kwamba kinakwaruza chenyewe usiku na kwamba mtego wake umekwisha nasa mmoja mkubwa.

Bwana Sponji alipokivua mgongo alikuta kiota cha sponji iliyotafunwa laini kama pamba. Ndani yake walikuwamo watoto watatu, wekundu, macho yamefumba, wadogo kuliko kidole gumba. Mama yao bila shaka ndiye aliyenaswa. Nyundo alikuwa ameishika tayari, kwa sababu nyundo ndiyo iliyokuwa dawa yake siku zote. Akaiinua. Mmoja wa wale watoto akapiga mwayo. Yaani hajafumbua macho, hajui maziwa yatatoka wapi, na bado ana nafasi ya kupiga mwayo! Fundi akaishusha nyundo, akatazama mlangoni kama kuna mtu aliyemwona, akavitia vile viumbe ndani ya kofia yake.

"Nimewatoa wote, mama," alimwambia Mkunga alipokuja kuchukua kiti chake. Na haukuwa uongo.

Aliwalea kwa maziwa, akichovya ncha ya kitambaa cha pamba na kuwanyonyesha mmoja mmoja, mchana na usiku. Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamtazama weee.

"Watoto uliozaa na mimi," alisema hatimaye, "hukuwahi kuamka hata siku moja kuwapa maziwa."

"Wale walikuwa na mama."

"Na hawa sasa wamepata mwingine. Hongera, mama."

Kisha akaweka sheria, na akaiweka kwa sauti ya kusikika. Panya watakaa karakanani, nyuma ya marundo ya sponji, pasipoonekana na mteja. Mlango wa sebuleni ndio mpaka. "Siku panya wako akivuka huu mlango kuingia," alisema, "mimi navuka ule wa mbele kutoka." Bwana Sponji akakubali bila kupepesa macho, maana alikuwa tayari kukubali lolote.

Wote watatu waliishi, na wote watatu walikuwa majike, bahati ambayo fundi aliishukuru sana, kwani dume mmoja tu angetosha kuijaza karakana wajukuu. Mmoja alimwita Springi kwa kuwa hakutembea, aliruka. Wa pili alikuwa Mzembe, na huyo alikuwa na tabia ya kulala chali ndani ya bakuli la chakula. Wa tatu aliitwa Shangazi. Huyo alikuwa mkubwa kidogo, mwenye mabaka meupe kifuani, na kila alipofunguliwa aliizunguka karakana nzima akinusa hiki, akikisogeza kile, kama shangazi aliyekuja kusalimia akakuta nyumba haikupangwa anavyopenda. Alichokiona hakiko mahali pake alikibeba mdomoni na kukipeleka alikotaka yeye. Vifungo vya makochi vilivyopotea vilikuwa vikipatikana chini ya kitanda chake.

Fundi aliwajengea kizimba ambacho mtu mwingine angekihesabu kuwa kabati la maana: mbao za mgongo wa kochi, waya wa matundu madogo, ghorofa tatu na ngazi, na machela zilizoshonwa kwa vipande vya vitambaa. Mengine alijifunza kwa makosa. Siku moja uzi wa nailoni ulijisokota kwenye mguu wa Springi mpaka mguu ukavimba, na fundi akaukata kwa mkasi mdogo polepole kama anayemtoa mtoto mwiba, yeye aliyekuwa akipiga misumari huku anapiga soga. Tangu hapo kizimbani hakikuingia kitambaa ila cha pamba kilichopindwa kingo. Aliwapa vipande vya mbao laini isiyopakwa rangi wala gundi, kwa sababu meno ya panya hayaachi kukua na asipotafuna cha kwake atatafuna cha kwako. Aliwapa nafaka, karoti, boga, na mara mojamoja yai la kuchemsha. Kila asubuhi alikifuta kizimba chote, na kila alipomaliza aliwakuta wamekaa wananawa uso kwa mikono miwili, wakiipitisha nyuma ya masikio, kwa makini ambayo hakuwahi kuyaona kwa mwanadamu yeyote anayekwenda kazini.

Alichokipenda kuliko vyote ni jioni. Alifunga mlango wa mbele, akaketi juu ya rundo la sponji, na Shangazi akampanda mkono mpaka begani. Pale alitulia, akaanza kusaga meno polepole, kr-kr-kr, macho yakimchezacheza kwa raha. Watoto wa Bwana Sponji walikuwa wamekua na kwenda zao, kila mmoja na mji wake na shughuli zake. Nyumba ilikuwa safi na kimya. Kusubiriwa na mtu, hata kama mtu mwenyewe ana mkia, lilikuwa jambo lililompa furaha ambayo aliona haya kuisema.

Kisha Shangazi akaanza kupiga chafya. Mwanzoni ilikuwa moja moja, baadaye zikaja mfululizo, na puani kukawa na doa jekundu. Fundi alichunguza akagundua kwamba siku asizokata sponji mgonjwa alikuwa na nafuu, na siku za kukata alizidiwa. Lilikuwa ni vumbi. Alifunika kizimba kwa kitambaa chenye maji, akafungua dirisha, akasogeza meza ya kukatia karibu na mlango. Haikusaidia kitu. Basi akapiga moyo konde, akamfuata mkewe sebuleni.

"Mama watoto, hawa viumbe nawaomba ndani. Pale pembeni tu. Vumbi linamuua Shangazi."

Mkewe hakuinua uso kutoka kwenye kifungo alichokuwa anakishona. "Anapiga chafya sana?"

"Sana."

Mkewe akakata uzi kwa meno. Kisha akaonyesha kochi lao wenyewe, lililokuwa na shimo ubavuni tangu watoto wakiwa shule. Maana ndivyo ilivyo: nyumba ya fundi wa makochi ndiyo yenye kochi bovu kuliko yote mtaani. "Hilo shimo nimekuomba ulishone mpaka nimechoka kuomba. Sasa unataka uniletee panya waniongezee mengine? Nilisema mpaka ni mlango. Sijabadilika."

Bwana Sponji akarudi karakanani kichwa chini. Hakuomba tena.

Siku hizo ndizo alizokuwa na kochi kubwa la Mkunga. Mkunga alitaka lifanane na kile kiti: springi mpya, sponji mpya, na mahameli ya kijani iliyoiva. Asubuhi ya siku ya kulimaliza ulikuwa umebaki mkono mmoja tu wa kufungwa, na fundi akaona pini za bunduki yake ya kubania vitambaa zimemwishia. Akatoka kwenda dukani, akamwacha mkewe kwenye cherehani.

Aliporudi alimkuta Mkunga amesimama katikati ya karakana, amekuja kabla ya saa aliyoahidi. Mkewe, ambaye kwa kawaida maneno yake ni ya kuhesabu, siku hiyo aliongea kama redio. Alikuwa amemshika mgeni mkono anamvuta kuelekea nje.

"Njoo mama, njoo nikuonyeshe rangi ya kitambaa juani. Humu ndani haionekani vizuri. Juani ndiyo utaiona!"

"Nimekwisha iona, mwanangu. Nzuri sana," alisema Mkunga. "Ila kesho nina wageni. Kochi nalitaka leo."

"Leo leo," alisema Bwana Sponji, aliyefurahi kusifiwa. "Msukuma mkokoteni huyo hapo nje. Nipe dakika chache."

Wanawake wakatoka. Naye kwa kutaka kumridhisha mteja akavamia kazi. Kitambaa cha mkono alikivuta, akakinyoosha, pini zikalia ta-ta-ta-ta, kona akaimaliza kwa sindano iliyopinda, kitambaa cheusi cha chini akakibana pande zote. Mkewe aliporudi kutoka kumsindikiza Mkunga, kochi lilikuwa linakata kona juu ya mkokoteni, linang'aa utadhani bwana harusi.

Saa ya chakula cha mchana fundi alifunga mlango wa mbele na kufungua kizimba. Springi akaruka. Mzembe akafumbua jicho moja. Shangazi hakuwapo.

Alitazama ndani ya machela zote. Alitazama chini ya meza, nyuma ya marundo, ndani ya gunia la vifungo. Alipiga mluzi ule wa jioni mpaka midomo ikamkauka. Hakuna chafya, hakuna mkwaruzo. Ni yeye aliyebadilisha maji asubuhi. Bila shaka ameponyoka wakati ule. Alijilaumu kwa sauti, akajiita majina ambayo hata wateja wake wabaya hakuwahi kuwaita.

Mkewe alichungulia kutoka sebuleni, mwiko mkononi. "Kuna nini?"

"Shangazi hayupo."

Mwiko ukaanguka. Mama wa watu akashika fremu ya mlango. "Hayupo? Hakurudi kwa wenzake?"

"Hayupo popote."

"Mkono wa kochi," mkewe akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nini?"

"Nasema... si ulikuwa wazi? Ule mkono wa kochi la Mkunga. Pengine aliingia humo."

Bwana Sponji akaketi juu ya sponji bila kupenda. Masikioni alizisikia zile pini, ta-ta-ta-ta, moja baada ya nyingine. Amemfungia Shangazi ndani ya kochi kwa mikono yake, akamkabidhi kwa mtu mmoja tu ambaye hakupaswa kukabidhiwa. Akikaa humo atakosa hewa, na kifua chenyewe kile. Akitafuna mahameli atoke, nje kuna paka wa Mkunga, jitu la paka, lililonunuliwa kwa kazi moja tu, kuwinda panya. Na vyovyote iwavyo, kesho wageni watakaa juu ya kochi lenye panya lililotoka kwa fundi mwenye ubao mwekundu. Jina lote alilolijenga kwa brashi na jua litakwenda na maji. Lakini nitasema ukweli: la jina alilifikiri baadaye. La kwanza lililomjia ni zile chafya, gizani, peke yake.

"Nitakwenda niseme nimesahau koleo ndani," alisema, akikusanya vifaa.

"Ngoja nivae viatu," mkewe akasema. "Tunakwenda wote."

Alishangaa, lakini hakukuwa na muda wa kushangaa.

Walimkuta Mkunga ameketi kwenye kile kiti chake, miguu juu ya kigoda, analitazama kochi jipya kwa mapenzi. Mbele ya kochi, paka alikuwa amejikunyata, pua imegusa mkono wa kushoto, mkia unapigapiga sakafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Kochi hili limependwa mpaka na paka! Tangu lifike hajaondoka hapo."

Fundi akaweka vifaa chini. "Mama, samahani sana. Nimesahau koleo ndani ya ule mkono. Nitafungua kidogo tu kwa chini, nitoe, nifunge. Hutaona alama."

"Koleo?"

"Koleo, mama."

Kochi likapiga chafya.

Haikuwa chafya kubwa, ila ilikuwa chafya. Paka akasimama. Mkunga akalitazama kochi, akamtazama fundi, akalitazama tena kochi.

"Koleo lako," alisema polepole, "lina mafua?"

Bwana Sponji alikuwa na uongo mwingine mdomoni, akauona haufai. "Si koleo, mama. Ni panya. Lakini ni wangu, nimemlea mwenyewe, hana madhara. Nilimfungia humo bila kujua."

Sijui mwanamke wa umri ule alipandaje juu ya kiti kwa kasi ile. Alikuwa amesimama juu yake, gauni ameliokota magotini, kabla fundi hajamaliza kusema. "Unafuga panya? Wewe? Na ule ubao?"

"Ni wale wa kiti chako, mama," fundi akaendelea, na mkewe akamkanyaga mguu, ila alikuwa amechelewa. "Walikuwa wachanga. Sikuweza kuwaua."

"Yaani," alisema Mkunga kutoka kule juu, akilipima kila neno, "panya niliyemfukuza nyumbani kwangu, umemchukua, umemlisha, umemnenepesha, halafu umenirudishia?"

"Ndiyo, mama," fundi akajibu, kwa sababu ilikuwa hivyo hasa.

"Mtoe! Paka mpelekeni jikoni, mfunge mlango. Mtoe sasa hivi!"

Paka akabebwa kwa shida na kufungiwa. Kochi likalazwa ubavu. Fundi akang'oa pini za chini, akafunua kitambaa cheusi, akapiga mluzi wa jioni. Akatega kipande cha karoti. Hakuna aliyekuja. Akaingiza mkono mpaka begani, akasikia kucha zikimkimbia, na chafya iliyofuata ilitokea mbali zaidi, ndani kabisa ya mgongo. Kelele za pini zilikuwa zimemtia hofu. Akapiga mluzi tena, na mluzi ukatoka umekauka. Ilibaki njia moja, kuchana mahameli ya mgongo kwa kisu, kazi yote ya majuma, mbele ya mwenyewe. Akakitoa kisu. Jasho lilikuwa linamtiririka, na nitakwambia, halikuwa lote jasho.

"Sogea," mkewe akamwambia.

"Hawezi kuja kwako. Hakujui."

"Nimesema sogea, Baba."

Akapiga magoti. Alimtazama mumewe kwa jicho la mtu anayekwenda kuvua nguo mbele za watu. Kisha akajivika kidoleni kile kikombe kidogo cha chuma cha kukingia sindano, akagonga ubao wa kochi, ko-ko-ko, akanyamaza, akagonga tena, ko-ko-ko.

"Njoo, mama," akasema. "Njoo, mama mdogo. Hakuna anayekugusa. Njoo kwa mama."

Sauti hiyo Bwana Sponji hakuwa ameisikia tangu mtoto wao wa mwisho alipokuwa anatambaa. Alibaki na kisu chake mkononi.

Ndani ya kochi kitu kikakwaruza. Kikasimama. Kikakwaruza tena, karibu zaidi. Pua ikatokea, kisha sharubu zilizojaa vumbi la sponji, kisha Shangazi mzima, mabaka yake meupe yamekuwa kijivu. Hakumtazama fundi wala karoti. Akapanda kwenye mkono wa yule mwanamke, akapita begani, akashuka kifuani, akaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa aproni yake ya kushonea kwa namna ya mtu anayeingia chumbani kwake. Akageuka humo ndani, akatoa pua nje, akapiga chafya.

Fundi akautazama ule mfuko. Ukingo wake ulikuwa umelikalika kwa meno. Miezi yote hiyo alikuwa anauona, na miezi yote hiyo alidhani umechakaa tu. Ndani ulikuwa umetiwa kitambaa laini cha pamba, kimepindwa kingo vizuri.

"Ni mimi niliyemtia mle," mkewe alisema, bila kumtazama. "Nilikuwa naye mapajani. Mama akatokea ghafla mlangoni, nikamficha kwenye shimo lililokuwa karibu. Niliporudi kochi limeondoka, nikadhani ametoka mwenyewe, maana huwa anarudi kwa wenzake." Akaifunika ile pua kwa kiganja. "Na wewe ukakaa unajilaumu, na mimi nikakuacha."

Bwana Sponji akamtazama mpaka naye akainua macho.

"Mnaangaliana nini?" Mkunga akauliza kutoka juu ya kiti. "Lifunge kochi langu!"

Akalifunga. Alilifunga vizuri kuliko mara ya kwanza, na kabla ya kila pini alichungulia ndani. Wakati huo Mkunga alikuwa ameshuka mguu mmoja, udadisi ukishindana na woga, na woga ukaanza kushindwa.

"Msogeze nimwone. Si karibu! Hapo hapo." Akamtazama Shangazi kwa macho yale ambayo yalikuwa yametazama maelfu ya watoto wa watu. "Mbavu zinavyokwenda, uone. Huyo analala wapi?"

"Karakanani, mama."

"Kwenye vumbi lile? Mtoto wa nani analazwa kwenye vumbi lile?"

"Leo anahamia ndani," mkewe Bwana Sponji akajibu upesi, kabla hajaulizwa mumewe.

"Vyema. Na jambo moja." Mkunga akarudi kuketi, akanyoosha gauni, heshima yake ikamrudia. "Wageni wangu wanakuja kesho. Nikisikia mtaani kwamba kwangu kuliingia kochi lenye panya, nitajua limetoka midomoni mwenu. Mimi sijaona kitu. Nyie mlisahau koleo."

"Koleo, mama," walijibu wote wawili.

Njiani walitembea bega kwa bega, Shangazi akichungulia kutoka mfukoni.

"Tangu lini?" fundi akauliza.

"Tangu ulipokuwa unawanyonyesha kwa kitambaa. Ukitoka kwenda kutafuta mbao mimi nabaki na nyumba tupu. Watoto hawapo. Nilikuwa naikanyaga cherehani ili pawe na sauti tu. Siku moja nikamfungua huyu, akaja akakaa mapajani nikishona. Basi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baada ya maneno yote niliyosema? Ungenicheka mpaka uanguke."

"Ningekucheka kidogo," fundi alikiri. Kisha akakumbuka. "Lakini nilikuomba aingie ndani, ukakataa!"

"Uliniomba mara moja."

"Ukasema hapana."

"Nilisema hapana mara moja tu," mkewe akamwambia. "Nilikuwa nasubiri uniombe tena."

Bwana Sponji akamshika mkono, barabarani, mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya tangu walipokuwa wachumba. Kinyozi aliyekuwa mlangoni kwake akawatazama mpaka wakapita.

Kizimba kiliingia sebuleni jioni hiyo hiyo, na hakuna aliyetoka kwa mlango wa mbele. "Ni kwa sababu ya mafua tu," mkewe alieleza, akikipangusa kwa kitambaa chake kizuri. "Akipona atarudi karakanani." Fundi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. Chafya zilipungua, zikawa moja moja, zikakoma, na habari ya kurudi karakanani haikutajwa tena. Jioni wakawa wanakaa wote, Mzembe kwenye bakuli lake, Springi juu ya pazia, Shangazi akihamisha vifungo kutoka huku kwenda kule. Ubao mwekundu ulibaki palepale, na ulichosema kuhusu makochi ya wateja kiliendelea kuwa kweli.

Likabaki lile kochi lao lenye shimo ubavuni. Siku moja ya mapumziko, moyo wake umejaa shukrani, Bwana Sponji aliamua kumfurahisha mkewe kwa kitu alichomwomba mpaka akachoka kuomba. Akaleta sponji mpya, kitambaa na bunduki ya pini, akapiga magoti mbele ya kochi.

Mkewe alitoka jikoni mbio. "Acha! Usiguse hilo shimo!"

"Si ulitaka lizibwe?"

"Weka hiyo bunduki chini," mkewe akamwambia, akitafuta kile kikombe cha chuma mfukoni. "Kwanza tuangalie nani yuko ndani."